Kasha la Roboti na Msimu wa Salfa

Wachoraji wengi wa makasha ya roboti za mashindano huwaza kugongana tu: roboti zikivaana uwanjani, bodi na nyaya zibaki salama. Kwetu Masasi kugongana ndiyo shida ndogo. Ikifika Juni, mabomba ya salfa yananguruma mashambani kupambana na ubwiri unga wa mikorosho, na unga ule wa manjano haubagui ua la mkorosho na dirisha la darasa. Shaba ya nyaya ikikaa nao, inapiga weusi.

Basi vijana wa klabu yetu wakachora kasha lisilo na tundu. Salfa ikakwama nje, joto likakwama ndani. Kile kidude kinachopeleka umeme kwenye mota kikachemka mpaka roboti ikawa inazimika yenyewe. Tukatoboa matundu. Sisimizi wakahamia siku hiyohiyo, na mayai yao. Tukaziba matundu kwa kipande cha chandarua (kilikuwa kimeshachanika, mke wangu ni shahidi).

Printa ya 3D ikakatikiwa umeme katikati ya kazi, tukaanza upya, hatimaye kasha likapatikana. Safari ya kwenda Newala kwenye mashindano, kondakta kwa wema wake akaliweka juu ya dashibodi, "lisibanwe na mizigo, mwalimu." Plastiki ile ni PLA, ikifika nyuzi joto 60 hivi inalegea, na jua la kwenye kioo halina mchezo. Tulipopanda juu, ubaridi wa Newala ukalikausha vilevile lilivyopinda: mfuniko umebenua mdomo, pembe moja imechomoza kama sikio.

Nikalipeleka kwa mjomba, mchonga vinyago, nikiomba pasi tulinyooshe.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Shetani huyu kamchonga nani?"

Mtindo wa shetani, ule wa viungo vilivyojinyonga, ulianza miaka ya 1950 na Samaki Likankoa, na mjomba hana utani nao.

"Ni mashine, Mjomba."

"Mashine inawajua mashetani?"

Akajitolea kutuchongea kasha la mpingo. Mpingo hauyeyuki, kweli, ila ukiutia majini unazama, na roboti yetu ilishakaribia kikomo cha uzito. Tukashindana kwa kasha la kuazima. Lililofuata tulilichapa kwa plastiki ya PETG, inayovumilia nyuzi 80 hivi, na kondakta tukampa mizigo mingine.

Lile la kwanza mjomba amelikatalia, liko rafu moja na vinyago vyake. Mteja kaja kuuliza bei, kaambiwa hili si la mkono, ni la mashine, kwa hiyo ni ghali zaidi.