Pete ya Ndoa Imepauka

Mh! Hebu sogea nikae, halafu nikueleze ya jana. Hapa hapa kijiweni kwetu Tandika, kahawa hata haijapoa, kaingia jamaa mmoja kavimba kama andazi. Kisa pete. Pete ya ndoa ya mkewe, dhahabu aliyoinunua kwa jasho la usukani wa daladala, imepauka upande mmoja, nyeupe kama bati. Anataka nauli ya Kariakoo akamkabe sonara. Pete ikazunguka mkono kwa mkono, wengine wakaitia menoni, hukumu zikamwagika: shaba hiyo, umeingizwa mjini, sonara hana haya. Muuza kahawa, mzee wa watu asiye na maneno mengi, akauliza moja tu: "Mwanangu, mkeo anajipaka nini usoni?"

Jamaa akaanza kuzikagua ndala zake.

Jamani, nani asiyeujua mkorogo? Nani hana dada, shangazi, shemeji, au siku hizi hata kijana wa kiume anayejichubua? Krimu hii, losheni ile, tyubu ya tatu isiyojulikana hata ilitokea nchi gani, vyote kwenye bakuli la plastiki, koroga kwa kijiti, paka usiku, jua lisikuone mchana. Baada ya mwezi uso Fanta, miguu Coca-Cola, na vifundo vya vidole vimegoma kabisa, vyeusi tii, vinatoa ushahidi wakati mwenye navyo anaapa kwamba hiyo ndiyo rangi ya kwao. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini miaka nenda rudi. Ukaguzi unafanyika, shehena zinakamatwa na kuteketezwa. Lakini nenda dukani Manzese au Mbagala, sema kwa sauti ya chini, "Dada, ile ya kwetu ipo?" Mkono unazama chini ya kaunta, unaibuka na kopo limefungwa kwenye gazeti. Loo!

Turudi kwenye pete. Muulize mchimbaji yeyote mdogo wa Geita au Chunya, atakwambia zebaki ndiyo inayomkamatia dhahabu kwenye mchanga. Zebaki ikikutana na dhahabu hainasuki kirahisi, nayo ndiyo iliyoipausha ile pete. Ndiyo maana baadhi ya krimu hizo zimeandikwa pembeni, kwa herufi za sisimizi, kwamba zisigusane na dhahabu, fedha wala vito. Wataalamu wa afya wanasema ukikuta onyo la namna hiyo kwenye kipodozi, shuku zebaki. Sasa angalia binadamu alivyo: anayejua kusoma anasoma onyo, anavua pete, anaifunga kwenye leso, anaiweka kabatini salama salimini, kisha anachota krimu na kujipaka usoni. Pete kaionea huruma!

Na hiyo zebaki haibaki usoni. Inapita kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, inakwenda kuzitafuna figo na mishipa ya fahamu. Krimu nyingine zina steroidi kali, dawa ambazo daktari humpa mgonjwa wa ngozi kwa siku chache na kwa kipimo, wewe unajipakia miaka. Ngozi inakonda kama karatasi ya kufungia maandazi, kidonda hakifungi, na siku ukiingia chumba cha upasuaji daktari anahangaika na mshono, uzi unavutwa ngozi inachanika. Haidrokwinoni nayo ikizidi inakugeukia: ulikimbia weusi, unapata mabaka ya bluu nyeusi mashavuni.

Ingekuwa ni mtu mzima na mwili wake tu, ningesonya nikaachia hapo. Kinachoniuma ni mtoto. Mwaka 2010 kule Marekani, katika majimbo ya California na Virginia, zilipimwa familia ambazo watu wake walikuwa wakijipaka krimu za zebaki. Wasiojipaka nao walikutwa nayo mwilini, watoto wakiwamo. Shuka ni moja, taulo ni moja, na mama akimkumbatia mwanawe anagusana naye mashavu. Aliye na mimba ndiyo usiseme, maana zebaki inavuka kondo la nyuma. Wajapani wa Minamata walilijua hilo kwa machozi. Ile ilikuwa zebaki ya aina nyingine, iliyomwagwa baharini na kiwanda ikaingia kwenye samaki, na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Kuna akina mama walioonekana wazima kabisa, wakajifungua watoto walioharibika ubongo. Mkataba wa dunia wa zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania imeuridhia.

Huku kwetu mtoto akiwa mzito kutamka, akishindwa darasani, akishtuka-shtuka usiku, nani anafikiria kopo? Wewe! Kalogwa. Bibi wa nyumba ya tatu alimtazama vibaya siku ya arobaini. Kuku mweusi anatafutwa, mganga wa Mbagala analipwa, na bibi wa watu, aliyekuwa akimchemshia mtoto uji mama akichelewa sokoni, ananyimwa salamu mpaka anahama mtaa. Nimeliona hili kwa macho yangu, si mara moja. Sisemi kila mtoto mzito ana sumu mwilini. Nasema hospitali ilipaswa kuulizwa kabla ya kuku.

Kwa wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, ilikuwa hivyo hivyo, ingawa sumu yao ni nyingine. Kando ya nyumba zao paliwekwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa hapo. Mwanawe akaugua, homa haishuki, wakapima magonjwa yote tunayoyazoea, hakuna kitu. Walipopima madini ya risasi, yale ya kwenye betri, ndiyo hiyo, na ilimfikia kwa maziwa ya mama yake mwenyewe. Mama yule hakwenda kwa mganga, alikwenda kupambana. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha nyingi, sawa, lakini ubongo wa mtoto ukishaharibiwa na risasi hauna spea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Naye ndiye anayetambaa chini na kutia kila kitu mdomoni.

Nilidhani hayo ni ya Mombasa. Wiki iliyopita nimepita uswahilini kule Mtoni, namtafuta fundi anishonee kiti, nakuta kijana kachuchumaa uani. Kapasua betri ya gari, kachomoa plati, anaziyeyusha kwenye jiko la mkaa, anamimina kwenye vishimo vya mchanga. Chubwi za nyavu hizo, za kuuzia wavuvi. Moshi unapanda, unaingia dirishani. Pembeni mtoto, miaka miwili hivi, kakaa juu ya vumbi la kijivu, kidole mdomoni. Risasi inayeyushwa kwenye sufuria ya kawaida, namba nne, ina masizi ya kupikia. Sijamaliza kushangaa, mama akachungulia mlangoni: "Baba Fulani, ukimaliza nirudishie sufuria, nataka kubandika uji."

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nikamtoa mtoto vumbini, nikamnawisha mikono kwa sabuni, nikamweleza kijana kama ninavyokueleza wewe, akawa ananiitikia "sawa mzee, sawa mzee" huku macho yako kwenye mkaa. Nikamkabidhi mama pesa ya sufuria mpya, nikamwambia ile ya zamani isiguse chakula tena maishani mwake. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaigeuza ile sufuria juani kuitazama kitako, akaniuliza: basi hii nimpe mpangaji wa chumba cha pili, maana haijatoboka?