Panya, Kengele na Mimi

Waheshimiwa, na nyinyi wa nyuma mliofuata soda, karibuni. Mbele yenu nimesimama mimi, Profesa wa Maprofesa, cheo nilichojitunuku baada ya mtihani mgumu nilioutunga, nikaufanya, nikausahihisha. Nilipata mia kwa mia. Alama ya ziada niliikataa kwa unyenyekevu.

Somo: serotonini na kifafa cha wanyama. Mwaka 1948, kule Cleveland, Rapport, Green na Page waliichuja kemikali hii kutoka kwenye damu. Nawasamehe, maana sikuwepo kuwatangulia. Kumbukeni kwamba kiasi cha asilimia 90 ya serotonini hukaa tumboni. Sasa litazameni tumbo langu, kisha mniambie msomi ni nani. (Watatokea wajuaji kusema ya tumboni haivuki kuingia ubongoni. Husuda hiyo.)

Wapo panya wanaozaliwa na kifafa cha sauti. Wapigie kengele kali: kwanza wanakimbia ovyo, kisha wanaanguka, wanakakamaa. Kuna panya wadogo ambao hata mchakacho wa funguo unawatosha. Watafiti wakawapa panya wa kifafa fluoksetini, dawa inayochelewesha serotonini kurudishwa ndani ya seli zilizoitoa, na kifafa kikapungua. Ukiwapunguzia serotonini, kifafa kinapamba moto. Papo hapo nikatangaza: serotonini ni sungusungu wa ubongo!

Ila sungusungu naye ana milango yake, yaani vipokezi. Mwaka 1995 lilitolewa tangazo la panya waliokosa kipokezi kimoja tu cha serotonini, kiitwacho 2C. Walikula wakanenepa kupita kiasi, na kifafa kikawaua baadhi yao. Mbona mnanitazama mimi? Tena fenfluramini, dawa ya kupunguza unene inayoamsha serotonini, iliondolewa sokoni 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Mwaka 2020 Marekani ikairuhusu tena, safari hii kwa kifafa cha Dravet cha watoto.

Na mbwa aliyekula vidonge vya mwenye nyumba vya 5-HTP, malighafi ya serotonini? Serotonini inafurika, anatetemeka, huenda akapata kifafa kilekile. Sungusungu wakizidi, wanavunja milango wenyewe. Hili nililijua zamani, nilikuwa nawapima tu.

Maswali baadaye. Namwona mlinzi wa ukumbi pale mlangoni na funguo zake. Mzee wangu, shikamoo, tafadhali usizichezeshe... Haya, mnakwenda wapi? Mmeona? Hatua ya kwanza hiyo: kukimbia ovyo!