Klachi Imekatika, Shikamoo

Kule Nungwi, Unguja, mtalii hulipa pesa nzuri apande pikipiki ya magurudumu manne, azungushwe vijijini na arudi hotelini amejaa vumbi na furaha. Honda ndio waliotoa babu wa mashine hizo mwaka 1970, chombo cha magurudumu matatu yaliyoumuka kama maandazi. Sisi wa Shumba, kaskazini ya Pemba, vumbi tunalipata bure, na vyombo vyetu vya kwenda popote ni viwili: gari la ng'ombe na Vespa. Gari la ng'ombe halina kabureta, ndiyo maana halina insha.

Vespa haikuundwa kwa ajili ya maweni. Corradino D'Ascanio, aliyeibuni kwa kampuni ya Piaggio ikatoka mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege na pikipiki hakuzipenda. Aliona zinachafua nguo, na mpira ukipasuka ni taabu kuutoa. Basi akaifunika injini kwa bati, na gurudumu la mbele akalishikiza upande mmoja tu ili lifunguke upesi. Bwana yule aliwaza lami ya Italia na viatu vilivyopigwa rangi. Njia yetu ya kushukia pwani hakuiona, pale ambapo jiwe lina meno na gurudumu la inchi 10 likiingia shimoni hukaa likisubiri jamaa.

Yangu ni PX, toleo lililoanza mwaka 1977. Nimeirithi kwa ami yangu pamoja na deni la tairi.

Kwa kuwa fundi wa kulipwa kila wiki simuwezi, nilikwenda kujifunza kwa mzee mmoja ambaye karakana yake ni kivuli cha mwembe. Somo lake la kwanza lilikuwa fupi. "Mwanangu, hii inataka vitu vitatu: mafuta, moto na hewa. Kikikosekana kimoja, haendi mtu." Akatazama kundi lililokwisha kutuzunguka, akaongeza: "Na cha nne, nafasi."

Cha nne hakijapatikana hadi leo. Vespa ikizimika Shumba, hata aliyekuwa anakwenda msikitini hugeuka bingwa. Huyu anasema plagi, yule anasema pistoni, na bibi yangu kibarazani anasema ni kijicho cha watu. Na kila mmoja anataka aguse.

Injini hii oili yake huchanganywa ndani ya petroli, asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita. Fundi hupima kwa kizibo cha chupa ya maji, polepole, midomo ikihesabu. Kijana mmoja aliyejitolea kunisaidia alipima kwa ukarimu. Nilipopiga kiki, moshi ukatambaa ukaingia nyumba ya jirani, ambako wanawake walikuwa wanapanga nguo za bibi harusi. "Nani huyo anafukiza, na mganga hajaja?" bibi akauliza kwa sauti. Plagi ilitoka nyeusi tititi. Tuliisugua kwa msasa, tukaipangusa, ikarudi kazini. Nguo za harusi zilifuliwa upya.

Kijana huyohuyo ndiye aliyenifundisha habari za ringi, bila kukusudia. Ringi ya Vespa ni sahani mbili za chuma zilizobanwa kwa nati, na ziko nati nyingine zinazoishika kwenye ngoma ya breki. Anayeziba pancha hutoa upepo wote kwanza, ndipo azitenganishe sahani. Yeye alianza na nati, upepo umo. Mlio uliotoka uliwatawanya kuku mpaka kwa sheha, na mzee aliyekuwa amesinzia pale mwembeni aliamka akishahadia. Kijana hakuumia, alhamdulillahi, ila kwa muda mrefu alikuwa akijibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

Halafu kuna jeti, kile kidude cha shaba ndani ya kabureta kinachopitisha petroli kwa tundu la milimita 1 hivi. Punje moja ya mchanga ikikaa humo, safari imekwisha. Watu wa mwembeni waliamua izibuliwe kwa chelewa, na kweli ufagio ukaletwa, ukachaguliwa ujiti mwembamba kuliko zote, na ncha yake ikakatikia ndani. Kazi ya kutoa mchanga ikawa kazi ya kutoa ufagio. Aliyetuokoa ni mtoto wa shule mwenye pampu ya baiskeli: alipuliza mara moja tu, kwa nguvu, kisha akaomba apandishwe hadi skuli. Tulipofunga kila kitu, nati moja ikabaki mkononi. Fundi aliipokea bila mshangao, akaitia katika mkebe wenye nati za miaka mingi, zote za mashine ambazo bado zinatembea.

Lakini hayo yote ni mchezo mbele ya waya wa klachi. Waya huu hukatika karibu na mkono wa kushoto, pale unapopinda kila ubadilishapo gia, na hukatika uzi mmoja mmoja, kwa siri. Nilikuwa natoka Konde, nyuma nimefunga tenga la kuku, niko gia ya pili. Waya ukalia tak. Bila klachi Vespa huenda vizuri tu. Taabu ni kusimama: injini huzima, na kuiwasha tena ni kuitia gia, kuisukuma mbio na kuirukia, jambo linalotaka mteremko au ndugu. Nikaazimia nisisimame mpaka nyumbani.

Asiyekaa Pemba hajui uzito wa azimio hilo. Salamu yetu ina mwanzo, ina habari za watoto, ina habari za mvua na za mgonjwa, ndipo ifike mwisho. Baamkubwa alikuwa ukingoni, mkono juu. "Shikamoo baamkubwa!" nikapaza. "Marah..." ndiyo niliyoiwahi; habari za nyumbani nilizieleza miti. Mbele yake akatokea maalim aliyenisomesha chuoni, naye akaingia katikati ya njia, kwani mwanafunzi wake hampiti. Nilimzunguka. Salamu nikampa kwa mafungu: "Assalaam aleikum" nikiwa mbele yake, "maalim" ubavuni, na "klachi imekatika" nikiwa nimeshampa mgongo.

Jioni barazani ikathibitishwa kwamba tangu nipate chombo nimeingiwa na kibri. Mmoja aliapa nimempita hata mkwe wangu, ambaye siku hiyo alikuwa Wete.

Kesho yake nilizunguka kwa miguu, nyumba kwa nyumba, nimeshika waya uliokatika kama ushahidi. Baamkubwa aliugeuzageuza, akasema ungetiwa oili nchani kila mara usingefika hapo, na kwamba hata hivyo mtu mwenye adabu huzima injini. Maalim alinisamehe papo hapo, akauchukua waya akaenda kufungia mbuzi.

Siku hizi waya wa akiba unakaa chini ya kiti, pamoja na plagi ya uzi mfupi, maana ya uzi mrefu hugongwa na pistoni. Akina mama wa mwani nawabebea magunia kama kawaida, ila yakiwa yamekauka. Yale mabichi humwaga maji ya chumvi kwenye bati la kuwekea miguu, nalo limeshatoboka kiasi cha kuona njia.

Kinachokosekana ni spana namba 13, inayofungua nati za magurudumu. Iliazimwa kwa mashine ya boti, ikaonekana kwenye kitanda cha mtu, mara ya mwisho ilikuwa inapasulia nazi. Aliye nayo tafadhali airudishe kabla ya Ijumaa. Asione haya kuja. Amwachie bibi, hataulizwa kitu.