Heri Mfuko Kuliko Medali

Mlenga shabaha wa kimataifa hupekuliwa uwanja wa ndege kama jambazi sugu. Silaha yenyewe? Bastola ya upepo, kirisasi cha milimita 4.5, umbali wa mita 10. Alama kumi ni kiduara cha milimita 11.5.

Muulize yeyote kuhusu ulengaji shabaha katika Olimpiki ya 2024: atakutajia Yusuf Dikeç wa Uturuki, fulana yake na mkono mfukoni, mkao wa kawaida kabisa kwa walengaji wa bastola. Mwenzake wa timu, Şevval İlayda Tarhan, aliyefyatua nusu ya risasi zao? Kimya. Nao walipata medali ya fedha! Dhahabu ilikwenda kwa Zorana Arunović na Damir Mikec wa Serbia, ambao kosa lao ni moja tu: walishinda.