Kungwi wa Vitabu Ajibu: Mume Wangu Amehamia Mordor

Barua iliyotangulia mwezi huu imetoka Tanga, kwa mama aliyejisaini "Mke wa Msafiri". Mumewe, mhasibu, hajawahi kuvuka hata mpaka wa Horohoro, lakini kila usiku mpaka saa nane, kitabu mkononi, yuko njiani kwenda Mordor. Akiitwa kula haji. Akiulizwa kodi ya nyumba anajibu kuwa kwanza kuna pete ya kuteketezwa. "Shikamoo Bi Kungwi," anaandika mama huyo. "Huyu amerogwa, au ana mwanamke?"

Hana mwanamke. Mwenye mwanamke hujipulizia manukato. Huyu hata kunyoa kasahau.

Kungwi anamtoa hofu kwa kumweleza alikokwenda mumewe. Mordor ni nchi ya vitabuni, katika vitabu vya J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akapelekwa Uingereza angali mtoto wa miaka mitatu. Kisa cha pete kilichapishwa kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955, na ndani yake mna ramani, nasaba za wafalme na lugha nzima alizozibuni mwenyewe. Aliyeingia humo hatoki kesho. Kinachomfaa mama ni kujua nani hasa anayependwa mle, kwa sababu shujaa wa kisa hicho si mwenye upanga mrefu. Frodo, aliyeibeba pete safari nzima, anafika ukingoni mwa moto na kushindwa kuitupa. Inatumbukia pale tu Gollum anapomng'ata kidole na kuanguka nacho. Aliyemfikisha huko ni Sam, mtunza bustani, ambaye alitoka kwao na sufuria zake mgongoni, akazibeba mpaka Mordor, na siku ya kuzitupa roho ilimuuma kweli kweli. Basi mama amuulize mumewe taratibu: katika hao wote, kipenzi chako nani? Akimtaja Sam, akabidhiwe sufuria ya ugali iliyogandamana, aanze kumuiga shujaa wake usiku huo huo.

Barua ya pili ni ya Mombasa, kutoka kwa "Baba Mwenye Wasiwasi". Kijana wake wa miaka 13 anasoma habari za mazimwi na watu wanaogeuka wanyama. Mzee anauliza afanye nini ili mtoto aachane na hizi fikra za Kizungu, ashike utamaduni wake.

Hapa Kungwi alivua miwani, akaifuta, akaisoma barua upya. Za Kizungu? Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Mojawapo ni ya Sultani Majnuni, mwenye paka aliyeanza kwa kula mifugo, na kila watu wakilalamika sultani anajibu paka ni wake na mali ni yake. Paka akawa nunda, mla watu, mpaka siku alipowala watoto wa sultani mwenyewe. Anayetoka kumwinda ni kitinda mimba, yule aliyedharauliwa kuwa kazi yake kukaa jikoni. Anaua mbwa, anamburura mpaka kwa mama yake; anaambiwa siye. Anarudi porini: ngawa siye, punda milia siye, twiga siye, hata tembo siye. Kungwi amesoma mashujaa wengi, wa Ulaya na wa kwingineko, na hajakutana na mwingine anayekosea mara nyingi hivyo mbele ya mamake na kesho yake akaondoka tena.

Mzee akiona hiyo ni ngano ya watoto, achukue *Kusadikika* ya Shaaban Robert, ya 1951, nchi nzima inayoelea angani huku mtu akishtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Au *Adili na Nduguze*, ya 1952, ambamo gavana anachapa manyani wawili kila usiku kwa uchungu, na manyani hao ni ndugu zake wa damu. Hata wageni walishakaribishwa zamani: kisa cha Alice kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1940, na michoro yake inamwonyesha kama msichana wa Kiafrika. Mtoto wa Mombasa hajapotea. Amerudi kwao kwa njia ya mzunguko, na baba ndiye asiyemtambua mlangoni.

Kutoka Morogoro, binti anayejiita "Bado Nasubiri" anasema kila mchumba anayekuja anaonekana mfupi, kwa sababu yeye ameshampenda Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi.

Binti, kaa kitako. Umesoma utenzi wa Muhammad Kijumwa wa 1913 mpaka mwisho, au uliishia penye sifa za kimo? Liyongo alitoroka gerezani kwa msaada wa wanawake wawili: mama yake aliyeficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, na kijakazi Saada aliyeupeleka, mkate ambao walinzi waliudharau wakala vyakula vizuri. Yeye akaomba ngoma ya gungu ipigwe nje ili mlio wa tupa usisikike. Kisha nini? Akauawa na mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, akiwa usingizini. Huo ndio ukoo unaoutaka? Hukumu ya Kungwi: mpende Liyongo kitabuni, olewa na mtu ambaye angekula mkate wa wishwa bila kuuliza.

Kijana wa Nairobi anataka kuandika riwaya ya mambo ya ajabu kama haya na anauliza aweke theluji kiasi gani ili ifanane na za Ulaya. Asiweke. Katama Mkangi, katika *Walenisi* ya 1995, alimfungia mhukumiwa Dzombo ndani ya chombo cha angani akamrusha kwenye nchi nyingine, bila punje ya theluji, na kisa kikasimama.

Nafasi imekwisha, barua zilizobaki zitajibiwa mwezi ujao. Na yule msomaji aliyeazima nakala ya *Adili na Nduguze* ya Kungwi kabla ya Ramadhani, anajijua. Airudishe, na ukurasa wake wa mwisho urudi nayo.