Mkurya wa Kudhaniwa: Makazi, Tabia na Aina Zake

Sayansi ya nchi hii inamfahamu vizuri kiumbe aitwaye Mkurya wa kudhaniwa, ingawa hajawahi kuandikiwa tasnifu. Huzaliwa Mjita huko Majita, au Mzanaki huko Butiama, au Mwikizu wa Nyamuswa, wilayani Bunda. Siku moja hupanda basi Musoma, hupita Bunda, huuacha mkoa wa Mara kabla ya Lamadi, na akishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi tayari ni Mkurya. Hakuna aliyemuuliza, wala hakuna fomu aliyojaza. Wataalamu wanabishana mabadiliko hayo hutokea wapi. Kundi moja linasema ni njiani, abiria wanaposhuka kuchimba dawa na yeye akasikika akidai chenji yake kwa konda. Kundi la pili, ambalo naliunga mkono, linasema hutokea ndani ya sikio la mwenyeji wa Dar es Salaam.

Kigezo cha kwanza cha utambuzi ni sauti. Mtafiti aende mwalo wa Mwigobero asubuhi, dagaa wanapopimwa kwa sado. Mnunuzi amesimama, mkono kiunoni: "Mama Bwire, hii ndiyo sado au kikombe cha chai?" Mwenye dagaa ananyanyuka: "Nenda kavue mwenyewe, ziwa si lile pale!" Mgeni kutoka Tanga ataanza kutafuta askari kwa macho. Kabla hajampata, bei imeshuka, konzi mbili za nyongeza zimetupwa juu, na Mama Bwire anauliza kama yule mtoto homa imemtoka. Huo haukuwa ugomvi, yalikuwa maongezi. Ziwa Victoria lina upepo na mitumbwi ina injini. Anayenong'ona Mwigobero harudi nyumbani na hela.

Kigezo cha pili ni jeshi: kila mtu wa Mara ana ndugu aliyevaa gwanda, na kila mwenye gwanda ni Mkurya. Ushahidi unaotolewa mara nyingi ni Jenerali David Musuguri, aliyepigana vita vya Kagera na kuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Ushahidi mzito kabisa, ila jenerali huyo alizaliwa Butiama.

Kigezo cha tatu, jina, ndicho kingetuokoa kama kingetumiwa. Chacha, Mwita na Marwa ni Wakurya, sawa. Bwire, Mafuru na Masatu wananukia Ujitani. Otieno ni Mjaluo wa Rorya, ambaye hata lugha yake haina undugu na hizi za Kibantu. Magesa na Wambura wanavuka mipaka wapendavyo na kuwavuruga wataalamu. Wakifika pwani, wote hupewa namba moja ya usajili: Chacha.

Tukiingia kwenye aina, ya kwanza ni Mkanushaji. Hustawi zaidi Butiama, kwa kuwa Mzanaki ana kielelezo ambacho hakuna mahakama itakayokikataa. Mwambie kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa Mkurya (nimeyasikia kwa masikio yangu, na msemaji alikuwa na shahada) uone. Ataanzia kwa baba yake Mwalimu, Mtemi Nyerere Burito, ashuke hadi mwaka wa kuzaliwa, 1922, akutajie meno ya mbele yaliyochongwa Kizanaki, akutembeze na mtoto Kambarage hadi shule ya Mwisenge mwaka 1934, na hamjafika Tabora wala Makerere. Mwikizu naye huanza mbali zaidi, kwa Nyakinywa, yule mwanamke mleta mvua aliyetoka Kanadi, Usukumani, na humalizia kwa Jaji Warioba, mwana wa Bunda aliyekuwa Waziri Mkuu. Mjita hajisumbui na historia. Mletee nyama yenye kichuri, ule mchuzi mchungu wa tumboni mwa mbuzi, naye atauliza kwa upole kama sato wameisha.

Aina ya pili ni Mnufaika, na hii ndiyo niliyoichunguza kwa karibu. Huyu hakanushi kitu. Akiitwa kwa Kikurya "mura!" anaitika. Kwenye foleni ya daladala harukwi, fundi humrudishia simu kwa siku aliyoahidi, na mwenye nyumba hudai kodi kwa lugha ya heshima. Yote hayo anayapata kwa ukali wa Tarime, kwao Wakurya, ambao hakuugharamia. Lakini faida hii ina siku ya mwisho: siku ya kupeleka posa. Baba mkwe mtarajiwa anapouliza kwa wasiwasi kama ni kweli watu wa kwao hupiga wake zao, Mnufaika hurejea Ujita au Uzanaki hapo hapo kwenye mkeka, na hutaja kijiji, kata na babu.

Aina ya tatu, Mchokaji, ameacha kueleza. Hana la kuchunguzwa.

Mkurya halisi anaishi pia Musoma, Bunda na Butiama, ila huko ni mmoja kati ya wengi. Anayemtaka kwa wingi, akifika Makutano asikate kuelekea Musoma. Anyooke, avuke daraja la Kirumi, aende Tarime. Na akifika ajiandae, maana kabla hajaketi ataambiwa kwamba hapo hakuna Mkurya hivi hivi tu: kuna Mnchari, Mkira, Mnyabasi, Mwirege na Mtimbaru, na ni makosa makubwa kuwachanganya.