Kituo cha Pamoja cha Kuzimika: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa TEHAMA

Tawi la Tunduma,
Mkoa wa Songwe.

Kwa Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

YAH: PONGEZI KWA ZOEZI LA KUSASISHA KOMPYUTA ZOTE KWA MPIGO MMOJA

Ndugu Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa niaba ya mawakala wa forodha wenzangu katika tawi hili, natoa pongezi za dhati kwa zoezi la Jumatatu iliyopita. Tulidhani ushirikiano wa mpakani ulifika kilele Oktoba 2019, Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia walipozindua kituo cha pamoja cha huduma. Kwa utaratibu wa kituo hicho, lori la kwenda Zambia hukamilisha taratibu za nchi zote mbili upande wa Nakonde, na la kutoka Zambia hukamilishia kwetu. Lori husimama mara moja tu. Wewe umetupita wote: umebofya mara moja ukiwa Dar es Salaam, na kompyuta zetu zote zikasimama mara moja. Sasa tuna Kituo cha Pamoja cha Kuzimika, na hakikuhitaji hata jiwe la msingi.

Ilikuwa saa nane mchana. Hatukupewa taarifa, jambo tulilolichukulia kuwa ni hatua ya kiusalama. Skrini zote zikageuka bluu, zikaanza kuhesabu asilimia na kutuonya tusizime kompyuta. Tukatii. Umeme, ambao hausomi maandishi ya kwenye skrini, ukakatika asilimia thelathini ilipofika. Uliporudi, baadhi ya kompyuta zilianza kutengua zilichokuwa zimefanya, nyingine zikaanza upya, na ya mhasibu ikastaafu.

Dereva wa lori la mafuta la kwenda Lubumbashi, aliyekuwa anasubiri hati zake, alichungulia dirishani akauliza kama asilimia hizo zinapanda au zinashuka. Tukamweleza kwamba anashuhudia mageuzi ya kidijitali. Akasema yeye anashuhudia foleni tu, na kwamba ameizoea. Foleni ya Tunduma, kama ujuavyo, haihitaji msaada wetu ili irefuke. Siku hiyo lakini na sisi tulitoa mchango.

Tulipopiga simu kwenu, tulijibiwa kwa upole kwamba hilo haliwezekani, kwa kuwa kompyuta zote zimewekewa saa za kazi na haziwezi kujiwasha upya ndani ya saa hizo. Tukaenda kuangalia. Ni kweli, zimewekewa. Waraka ulisema kazi ni saa 2 hadi saa 11, na fundi wenu, mtu mwaminifu kwa waraka, akaingiza 2 na 11 kama zilivyo. Kwa hiyo kompyuta zetu zinaamini kwamba tunaingia kazini saa nane usiku na kutoka saa tano asubuhi. Baada ya hapo, kwa hesabu zake, ofisi ni tupu. Hapa mpakani tumezoea utata wa saa: Nakonde iko nyuma yetu kwa saa nzima, na simu ikinasa mnara wa ng'ambo mtu anawahi miadi aliyokwisha kuichelewa. Ila ofisi iliyo saa sita mbele ya wafanyakazi wake ni ubunifu wa makao makuu peke yake.

Naomba pia nitambue mchango wako katika soko la bando. Sasisho kubwa la Windows huwa na GB kadhaa, na tawi letu lina laini moja. Kila kompyuta ilikwenda yenyewe kwenye intaneti kufuata furushi lilelile ambalo jirani yake wa mezani alikuwa njiani kulileta. Ndani ya Windows, tangu toleo la 10 lililotoka mwaka 2015, kuna kipengele kinachoruhusu kompyuta moja ipakue na nyingine za ofisi hiyo zichukue kwake. Kwa ofisi yenye seva, Microsoft ilitoa WSUS tangu 2005: unapakua mara moja, unakagua, kisha unaruhusu upendavyo. Inaonekana mmeviacha vyote viwili ili kila kompyuta ijitegemee. Siasa ya kujitegemea tunaiheshimu. Bando ndilo halikuhudhuria semina.

Isije ikadhaniwa kwamba tawi hili linapinga kusasisha. Tunakumbuka kirusi cha WannaCry. Kiraka cha kuziba tundu kilimopita kilitolewa Machi 14, 2017; waliochelewa kukiweka walikutana na kirusi Mei 12, kikafunga mafaili na kudai fedha katika nchi zipatazo 150, hata kwenye hospitali za Uingereza. Karibu miezi miwili ya kujitayarisha, na bado. Tunaikumbuka pia Ijumaa ya Julai 19, 2024, kampuni ya usalama wa mtandao CrowdStrike ilipowasukumia wateja wake faili lenye kasoro bila kuanzia kwa wachache. Kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 zikaanguka, ndege zikabaki chini, na mafundi wakalazimika kuzipitia nyingi kwa mkono, moja baada ya nyingine. Nilipoisoma habari hiyo niliridhika kwamba una wenzio duniani.

Tena ratiba yenyewe si siri ya serikali. Tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, ambayo kwetu huwa saa mbili au saa tatu usiku. Ina zaidi ya miaka ishirini. Ingeweza kuandikwa kwenye kalenda ya ukutani, na ya ofisi yako, nakumbuka, ni kubwa.

Kuhusu waraka wako wa pili, unaotutaka "tuhakikishe" kompyuta zote zimehamia Windows 11: tumejaribu kuhakikisha. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure Oktoba 14, 2025, isipokuwa kwa walioingia kwenye mpango wa nyongeza, na hofu yako ni ya haki. Ila Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele. Zetu ni za vizazi vilivyotangulia, na chipu haioti kwa waraka. Njia ya kuchelewesha mazishi ipo: ofisi hulipa Microsoft dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, bei huongezeka maradufu kila mwaka, mwisho miaka mitatu. Tuliomba fungu. Tulijibiwa kwa waraka wa tatu, unaotutaka tuhakikishe.

Kwa heshima zote, Mkuu, tunaomba zoezi lijalo lianze na kompyuta moja. Ikae na sasisho wiki nzima, ifungue mfumo wa forodha, itambulike na printa, ichapishe hati; ikisalimika, zifuate mbili tatu, halafu nyingine, usiku, tukiwa tumeshaambiwa. Saa za kazi zirekebishwe na mtu aliyewahi kufika kazini. Betri za akiba ziletwe kabla ya sasisho, si baada ya kuzika kompyuta nyingine kama ya mhasibu.

Na kompyuta hiyo ya kwanza tunaomba iwe ya kwako.

Wako mtiifu katika kusubiri,

Wakala wa Forodha,
Tunduma.

Nakala: Madereva wote walio kwenye foleni, Mpemba hadi mpakani – kwa taarifa.